Kuhamia Mtwara au Lindi na wazee na ukoo mzima: anza na mzee, kiwanja baadae

Familia ikitaka kuhamia kusini mara nyingi mazungumzo yanaanza na kiwanja. Kuna mtu kaona kiwanja Mangamba bei nzuri, mwingine kaachiwa mikorosho Tandahimba, basi inapangwa ukoo mzima uelekee huko, baba aliyestaafu, mama mwenye presha, bibi wa miaka themanini na kitu, watoto wa shule na shangazi ambae hana kwake. Mi naona hapo mmeanzia mwisho. Anzeni na yule mzee aliye mdhaifu kuliko wote, mjue mwili wake unadai nini kila siku na kila mwezi, mkishajua hilo miji yenyewe itajichuja itabaki mmoja au miwili, ndo sasa mkatafute kiwanja ndani ya huo mji. Kiwanja kinauzwa tena, mzee akiishiwa nguvu njiani kilomita 60 kutoka hospitali hamna cha kurekebisha.

Kikao kabla ya kikao

Kabla ya kuita kikao cha familia kaa na mzee mwenyewe, nyie wawili tu. Usimuulize "baba unapenda tuhamie wapi" maana atakujibu popote mtakapoona panafaa wanangu, wazee wetu ndo walivyo, hataki aonekane mzigo. Muulize vitu vidogo vidogo. Anakunywa dawa gani na anazichukua wapi, kliniki anaenda kila baada ya muda gani, usiku anaamka mara ngapi kwenda chooni, joto analivumilia, anaweza kutembea mpaka wapi bila kupumzika, anasali wapi, pensheni inaingia benki gani, nani wa rika lake anapiga nae stori kwa sasa. Andika kabisa kwenye daftari. Hayo majibu ndo yatakayochagua mji, hata kama kwenye kikao kuna mwenye sauti kubwa kuliko wengine.

Kuna swali moja watoto wengi tunalikwepa nalo ni atazikwa wapi. Uliza, kwa heshima, ila uliza. Kuna mzee wa Kilimanjaro au Kagera aliyefanya kazi huku miaka mingi moyoni anataka arudishwe kwao, na kuna mzee wa Kiislamu ambae anataka azikwe palepale alipo, siku hiyohiyo, bila kusafirishwa popote. Kutoka Mtwara mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000, kwahiyo jibu lake linabadilisha mipango na mfuko wa familia, na nimeshaona ndugu wakigombana msibani kwa jambo ambalo marehemu angeweza kulisema mwenyewe kwa sentensi moja akiwa hai.

Afu jueni nani atakaekaa na wazee kila siku. Sio nani atatuma hela, huyo anapatikana, nazungumzia yule wa kuamka usiku. Mara nyingi ni dada asieolewa au mke wa mmoja wa makaka, na cha kushangaza huyu ndo hata hajaulizwa. Kama yeye ana biashara yake Mbagala au watoto wake wako darasa la mitihani, mji mtakaochagua bila yeye hautafaa hata uwe mzuri vipi. Mpeni kiti kwenye kikao, na neno lake liwe na uzito kuliko la kaka aliyepo nje ya nchi.

Sasa miji yenyewe

Kama mzee ana ugonjwa wa kufuatilia, moyo, figo, sukari iliyoshaanza kugusa macho au miguu, basi Mtwara mjini ndo pa kuanzia kufikiria. Ligula ni hospitali ya rufaa ya mkoa na ipo mjini humohumo, Mitengo kuna hospitali ya rufaa ya kanda ya kusini, na kuna uwanja wa ndege wenye ndege za Dar, angani ni kama saa moja. Hiyo ndege wengi wanaiona anasa mpaka siku mama anavunjika nyonga na anatakiwa Muhimbili, hapo ndo utaelewa kilomita 560 za basi zina maana gani kwa mtu asieweza kukaa.

Ndani ya Mtwara nako kuna kuchagua. Shangani kuna upepo wa bahari, barabara pana, kimya, wazee wengi wanapapenda, ila kodi iko juu na chumvi ya bahari inakula mabati, nondo na grili kwahiyo bajeti ya ukarabati iwepo kila mwaka. Magomeni, Majengo, Chikongola kumebanana lakini mzee anafika sokoni, msikitini na hospitali kwa bajaji ya muda mfupi, tena majirani wapo karibu akianguka kuna mtu atasikia. Huko pembezoni Mangamba au Naliendele unapata eneo la kujenga nyumba mbili tatu za ndugu pamoja, ila usafiri ni wenu wenyewe, hasa usiku. Mi kwa mzee anaeishi na mjukuu tu ningechukua Majengo kabla ya nyumba kubwa ya pembezoni. Mikindani, kama kilomita kumi kutoka mjini, ni pazuri na ni mji wa kale, lakini kuna vichochoro na ngazi na miinuko, kwahiyo angalieni miguu ya wazee wenu kwanza.

Lindi mjini ni kwa familia inayotaka utulivu na bado inataka hospitali ya rufaa ya mkoa karibu, Sokoine ipo pale. Mji hauna fujo, samaki wapo, mzee anaweza kutoka jioni akakaa ufukweni akaona watu. Joto lipo na unyevu upo, na kwa safari ya ndege watu wanaishia kwenda Mtwara, zaidi ya kilomita 100. Kwa upande mwingine Dar kwa barabara ni karibu zaidi kuliko ukiwa Mtwara, kama kilomita 450 hivi, kwahiyo kama watoto wengi wapo Dar na wanakuja kwa gari, Lindi inawapunguzia safari. Mtu akikupeleka kuangalia eneo Mingoyo au Mnazi Mmoja akasema "hapa ni Lindi" jua ni njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, ni pazuri kwa biashara ya barabarani, ila mjini kwenyewe bado kuna safari.

Masasi naiona ndo mji ambao familia kubwa ya mchanganyiko inakaa vizuri, yani wazee, wakulima, wafanyabiashara na watoto kwa pamoja. Barabara ya lami inaenda Lindi na Mtwara, nyingine inaenda Tunduru mpaka Songea, na Newala na Nachingwea zipo jirani, kwahiyo kila mwenye shughuli yake anapata njia. Ipo hospitali ya Mkomaindo, maji ya mradi wa Mbwinji chini ya MANAWASA (mamlaka ya maji ya Masasi na Nachingwea), masoko, makanisa na misikiti mingi, wamisheni wa Kianglikana walifika pale tangu 1876 na bado Masasi ni mji wa shule na kanisa. Kitu cha kuangalia ni joto la Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, ile milima ya mawe inayozunguka mji inashika jua mchana kutwa na usiku bado unahisi joto.

Na hapa lazima niseme kuhusu Ndanda, maana watu wa Dar wanaipita kwenye basi hawaiangalii. Ndanda ipo kwenye barabara ya Masasi, chini ya ukingo wa nyanda za Makonde, kama kilomita 40 kabla ya kufika Masasi. Wabenediktini wapo pale tangu 1906, na hospitali yao ni ya rufaa, watu wanatoka wilaya nyingi kuifuata. Kuna chemchemi zinazotoka mlimani, kuna sekondari ya siku nyingi, kuna kijani. Kama mzee wenu ni mgonjwa kweli na hapendi mji, na nyie mnaweza kuishi sehemu ndogo isiyo na mambo mengi, ukiniuliza mimi nitakutajia Ndanda kabla ya sehemu nyingine yoyote ya bara. Ukirudi njia hiyohiyo kuelekea Lindi utakuta Nyangao, nako kuna hospitali ya misheni. Ukanda huo wote wa barabara, kuanzia Nyangao mpaka Masasi, ni mzuri kwa wazee kwa sababu hiyo moja kubwa, hospitali mbili tatu kwenye lami moja.

Newala na Tandahimba, juu kwenye nyanda. Hewa ya Newala ni tofauti kabisa na ya pwani, usiku ni baridi ya kuvuta shuka, ukisimama pale Shimo la Mungu unaangalia bonde lote mpaka upande wa mto Ruvuma. Wastaafu wengi waliozaliwa huko wanataka kurudi na nawaelewa. Lakini juu kule shida ya miaka yote ni maji. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu enzi za mkoloni, miaka ya 1950, na mpaka leo familia yenye akili inajenga kisima cha kuvuna maji ya mvua kabla haijapaua nyumba. Kwa kijana kubeba ndoo ni usumbufu, kwa nyumba yenye mzee asiejiweza ambae shuka zake zinafuliwa kila siku maji ndo kila kitu. Kwahiyo ukienda Newala usihesabu vyumba, hesabu lita, mvua ikikatika mwezi wa tano hicho kisima kitawafikisha wapi. Barabara ya Mtwara kupitia Tandahimba hadi Newala na Masasi inajengwa kwa lami kwa awamu, kipande cha Mtwara hadi Mnivata kilitangulia kukamilika, kwahiyo panda mwenyewe hiyo njia uione ilivyo siku hiyo, ukiwa na mzee wa mgongo fikiria kila kilomita ya vumbi.

Nachingwea, Ruangwa na Liwale ni za kilimo, ufuta, mbaazi, korosho, ardhi ipo. Nachingwea ni mji uliopangwa vizuri tangu ule mradi wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. Wazima wa afya wanaishi vizuri tu. Liwale ni mbali, na tembo wanaingia mashambani, mi nisingempeleka mzee mwenye kliniki ya kila mwezi.

Kilwa Masoko inawavutia watu wa Dar kwa sababu ipo karibu zaidi na bahari ni nzuri mno. Ila hospitali ya wilaya, Kinyonga, ipo Kilwa Kivinje, sio Masoko. Jambo dogo kwenye karatasi, kubwa saa nane usiku.

Hospitali ipo sio jibu

Ukifika mji wowote kati ya hiyo usiulize kama kuna hospitali, uliza kliniki ya presha na sukari ni siku gani, dawa anazotumia mzee zinapatikana pale au mnaambiwa mkanunue nje, kipimo fulani kinafanyika hapo au mnapelekwa mji mwingine, gari la wagonjwa linaitwaje usiku. Beba karatasi ya dawa zake, mwonyeshe mfamasia. Muulize pia mgonjwa aliyekaa benchi, huyo atakwambia ukweli wote bila kuficha.

Mstaafu aliyekuwa mwanachama wa NHIF, bima ya afya ya taifa, na mwenzi wake ulizeni kadi yao inapokelewa kwenye vituo gani vya mji huo, msisubiri mpaka mfike dirishani na mgonjwa. Kwa wazee kuanzia miaka 60 wasio na uwezo kuna utaratibu wa matibabu bure kwenye vituo vya serikali, na vituo vingi vina dirisha la wazee, lakini mnatakiwa mpitie kwa mtendaji wa mtaa au kijiji na ustawi wa jamii ili wapate kitambulisho, na hicho mnaanza kukifuatilia mkishahamia, maana mtendaji anamtambua mkazi wake.

Hewa, salfa na mbu

Hili wageni hawalijui kabisa. Kuanzia kama mwezi wa sita mpaka wa nane au wa tisa mikorosho inapulizwa salfa, dawa ya unga wa njano, kuzuia ubwiri ambao ni ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, inapulizwa kwa mashine, alfajiri wakati majani bado yana umande ili unga ushike. Ukiwa na nyumba katikati ya mashamba ile salfa inaingia ndani, kwenye pazia, kwenye maji, kwenye kifua. Mzee mwenye pumu au kifua cha muda mrefu asikae katikati ya mikorosho, nakuomba sana kwa hilo. Wakati dalali anakupeleka Februari kuona shamba zuri lenye kivuli na nyumba katikati, hakuna salfa hata chembe, utapapenda na utalipa.

Mbu ni wengi, Mtwara na Lindi ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na mzee aliyekaa Arusha au Njombe maisha yake yote mwili wake haujazoea. Wavu madirishani, chandarua, na homa yoyote apimwe siku hiyohiyo, asianze kunywa panadol siku tatu.

Maji ya pwani nayo, visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi. Ukionja ukasikia chumvi na mama ana presha basi maji ya kunywa na kupikia yatoke kwingine, bomba au mvua. Kwa Mtwara mjini muulize jirani, sio mwenye nyumba, maji ya MTUWASA, yani mamlaka ya maji ya mji, yanatoka siku zipi za wiki na saa ngapi, ukipata jibu ndo unajua simtanki ya lita ngapi mnahitaji.

Nendeni kupanga kwanza, tena mwezi mbaya

Julai huku ni raha. Upepo wa kusi, jua halichomi, barabara kavu, embe bado lakini samaki na muhogo tele, kila mtu anaekuja Julai anasema hapahapa nahamia. Kwahiyo usije Julai kuamua. Njoo na mzee Februari au Machi, joto na mvua pamoja, mpange gesti yenye chumba cha chini au nyumba ya muda, akae siku za kutosha mpaka usingizi wake uwe wa kawaida, muone analala vipi, anakula vipi, anavimba miguu au havimbi. Kodi huku wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka, lipeni hiyo miezi sita hata kama inauma, ni ndogo ukilinganisha na kujenga sehemu ambayo mzee ataikataa.

Na wakati yupo hapo angalia kama amepata watu. Hili mi nalipa uzito sawa na hospitali. Mzee aliyestaafu Dar alikuwa na kijiwe chake cha kahawa, bao, kwaya, jumuiya, kikundi cha kina mama. Ukimhamisha umemkata vyote siku moja. Mpeleke msikitini au kanisani wiki ya kwanza, kwa pwani ni rahisi maana baada ya swala ya alasiri wazee wanakaa barazani na mgeni anakaribishwa, bara kule Masasi na Ndanda jumuiya ndogondogo zinapita nyumba kwa nyumba. Kama baada ya mwezi mzee bado anakaa ndani anaangalia tivii peke yake, huo mji sio wake, tafuteni mwingine kabla hamjachimba msingi.

Msijibane wote kwenye uzio mmoja

Kuna ile ndoto ya ukoo wote kukaa sehemu moja, nyumba sita zinazoangaliana, kuku katikati. Inawezekana, ila kwa Mtwara na Lindi mi nashauri muwe na kituo kimoja na matawi. Wazee na anaewahudumia wakae mjini, karibu na hospitali na benki. Wanaotaka mikorosho au ufuta wakae shambani, umbali wa gari moja, warudi mwisho wa wiki na msimu ukiisha. Na mtu mmoja abaki Dar mwenye chumba cha ziada, kwa sababu rufaa za moyo, saratani na vitu vikubwa bado zinaishia Dar, na mgonjwa anahitaji mahali pa kulala na mtu wa kumpokea asubuhi.

Barabara ya Dar ni nzuri tangu daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa 2003, zamani watu walikuwa wanasubiri kivuko. Ila msisahau 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei vilikata barabara upande wa Somanga, madaraja yakaondoka, mabasi yakakwama. Kwahiyo nyumba yenye mgonjwa wa dawa za kila siku iwe na akiba ya dawa ya miezi miwili ikifika Machi, hiyo ni sheria ya nyumba.

Kuhusu lini kuhama kwenyewe, hapa kuna mgongano. Watoto wanaanza mwaka wa shule Januari, na Januari ni katikati ya mvua na joto. Wazee wanasafiri vizuri Juni mpaka Septemba. Suluhisho ni kutohama siku moja, wazee watangulie kwenye kiangazi na yule mhudumu wao, nyumba ikae sawa, kliniki wazoee, watoto wafuate Januari na uhamisho wao ukiwa umeshakamilika. Na mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne muache amalize alipo, akae na shangazi au mjomba mwaka mmoja, usimvuruge.

Ardhi, kwa haraka ila kwa makini

Mjini nunueni kiwanja kilichopimwa, na kabla ya kutoa hela nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkahakikishe jina la muuzaji ndo lililopo kwenye kumbukumbu. Kijijini ardhi iko chini ya serikali ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwahiyo makubaliano na mtu mmoja chini ya mwembe hayatoshi, halmashauri ya kijiji ihusike na maandishi yawepo.

Ila sheria peke yake haitakusaidia kama hujui ukoo. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wengi wanafuata upande wa mama, mjomba ana sauti kwenye mali ya ukoo kuliko baba. Mwanaume anaweza kukuuzia shamba la mke wake au la upande wa dada zake, akakuandikia karatasi safi kabisa, na baada ya mwaka wajomba wanakuja, tena wana haki. Kwahiyo waombe wajomba na kina mama wa ukoo wawepo siku ya kuuziana, watie saini, na majirani wa mipaka pia. Na uliza kama mikorosho iliyomo imewekwa rehani, maana mtu anaweza kukuuzia shamba huku mavuno ya miti yanachumwa na mwingine aliyemkopesha. Fanya hivyo kwa adabu, sio kwa kushuku, mnaenda kuishi na hao watu na wazee wenu watazikwa na hao watu.

Mstaafu asitoe kiinua mgongo chote kwenye ujenzi. Hela hiyo inakuja mara moja, pensheni ya mwezi ni ndogo, na watoto ndo wanatakiwa wajenge, mzee achangie kama akitaka. Nyumba yenyewe iwe ya chini, bila ngazi, choo ndani na cha kukaa, mlango wa kupita kiti cha magurudumu hata kama leo anatembea, na kibaraza chenye kivuli upande unaopata upepo. Mengine ni mapambo.

Wiki ya kwanza mkishafika

Mpelekeni mzee kwa mwenyekiti wa mtaa na balozi, yeye mwenyewe aonekane uso. Fungueni faili kliniki wakati bado ni mzima, na karatasi za matibabu za kule alikotoka, msisubiri augue. Hakikisheni uhakiki wa pensheni hautampita kwa sababu kabadilisha mkoa, akikosa uhakiki malipo yanasimama, na laini yake iwe na netiweki nzuri hapo nyumbani maana taarifa nyingi zinakuja kwa simu. Tafuteni bajaji moja na dereva mmoja mwenye adabu anaekaa mtaa huohuo, mkubaliane nae bei ya mchana na ya usiku, namba yake na ya majirani wawili ziandikwe kwa herufi kubwa ukutani karibu na kitanda, na siku hiyohiyo mzee apige mwenyewe kwa simu yake mbele yenu mpaka dereva afike mlangoni.